Kamera Isiyo na Intaneti

Mpaka leo nikipita Msambweni kwa tuktuk huwa nauvuta mtandio mpaka puani, na watu hudhani nakimbia vumbi, kumbe nakimbia haya. Kuna nyumba pale yenye geti la kijani, na wanawake wa nyumba ile wananijua kwa jambo moja tu, jambo ambalo nimelificha muda wote huu. Lakini kwa vile nyinyi kila siku mnaniuliza kwa nini mtu akinipa simu nimpige picha naruka kama nimepewa nyoka, basi kaeni niwaeleze, na mkicheka, chekeni polepole.

Mnajua kazi yangu ni kutandika vitanda na kusafisha vyumba kwenye zile koteji za Diani. Wageni wetu siku hizi wengi ni vijana wa Nairobi, wanakuja Ijumaa wanaondoka Jumapili, na hao vijana wameleta mtindo ambao kwanza ulinichekesha: mtu ana simu ya bei ya ng'ombe mfukoni, lakini shingoni amening'iniza kijikamera cha plastiki, chepesi kama kopo la siagi, cha kutumia mkanda, kile cha zamani cha kuzungusha kigurudumu kwa kidole gumba, krrr, krrr, kisha unabonyeza, taa inawaka, na picha huioni. Huioni! Unangoja mpaka mkanda uishe na usafishwe. Na hao watoto ndicho wanachokipenda, kule kutojua. Wanasema simu inakuonyesha kila kitu papo hapo mpaka hamu inaisha.

Mimi nilikuwa nawaelewa zaidi ya walivyodhani. Nimekulia Ramisi, baba akikata miwa, na nakumbuka yule mpiga picha aliyekuwa akipita na baiskeli, kamera shingoni, tunajipanga mbele ya nyumba tumepakwa mafuta tukang'aa kama samaki, anapiga mara moja tu, halafu tunangoja wiki hata wiki kumuona tena. Akichelewa, mama alikuwa akisema, "Yule bwana ametuchukua, hajaturudisha." Siku hizi hayuko, na sijui watu wa aina yake walikwenda wapi. Nadhani simu ziliwala.

Basi kulikuwa na msichana mmoja katika wageni hao, Shiro, mtu wa kucheka na kila mtu. Siku ya kuondoka akanikuta chumbani nimekishika kile kijikamera chake nakigeuzageuza (nilikuwa nafuta vumbi, lakini nilikuwa nalifuta kwa muda mrefu).

"Aki Saumu, unaipenda kuniliko," akasema. "Chukua tu. Mimi nimechoka nayo, kutafuta mikanda ni noma. Kuna mingine kwa hiyo pochi, tumia."

Nikashukuru mpaka nikajisahau. Ndani ya pochi nikakuta mikanda miwili. Mmoja umo ndani ya boksi lake, umefungwa na nailoni haijaguswa. Mwingine uko uchi, na kiulimi cha mkanda kimechomoza nje kama cha mtoto anayekudhihaki. Kumbukeni hapo.

Sasa njooni kwenye harusi. Binti wa mama yangu mdogo, Zuhura, alikuwa anaolewa Msambweni. Mama mdogo mwenyewe, mama Riziki, yuko Maskati, analea watoto wa watu, na tajiri wake alikataa kumpa ruhusa ya kuja (alimwambia labda baada ya Ramadhani, kama vile harusi ni mkate, unauweka tu kabatini). Akanipigia simu, na sauti yake haikuwa ya kulia, ilikuwa ya mtu aliyekwisha lia.

"Saumu, mimi sitaki kitu kingine. Nataka nimuone mwanangu alivyopambwa. Picha moja nzuri, niiweke juu ya kitanda changu."

"Mama, hilo niachie mimi," nikasema.

Tatizo lilikuwa Bi Mwanaidi. Huyu ndiye mama mzaa bwana harusi, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, anayesomesha watoto Kurani kwake barazani, na akisema neno moja nyumba nzima inanyamaza. Kwa vile kupamba kungefanyika uani kwake, alikwisha tangaza kwamba hakuna simu itakayoingia. Na hakukosea. Mnajua siku ya kupamba wanawake tunavua mabuibui, tuko na nywele zetu na magauni yetu, tunacheza, na harusi moja ya nyuma kuna mtu alipiga picha akaweka status, na kabla ya Isha picha ya mke wa mtu, kichwa wazi, ilikuwa kwa vijana wa boda boda Ukunda. Yule dada mpaka leo haendi harusini. Kwa hiyo simu marufuku, zinakusanywa mlangoni kwenye beseni, zinafunikwa leso.

Hapo ndipo nilipojiona mimi ndiye mwenye akili. Nikaenda kwa Bi Mwanaidi siku mbili kabla, nimebeba kijikamera changu kwenye kikapu kama nimebeba mayai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hicho ni kitu gani?"

"Kamera, mama. Ya mkanda, ya zamani. Haina intaneti, haina status, haina lolote. Picha ikiingia humu haitoki mpaka isafishwe iwe karatasi, na karatasi tutazishika sisi wenyewe."

Akaipokea, akaitikisa kidogo karibu na sikio. "Nyepesi hivi? Na atakayezisafisha ni mwanamume?"

"Mwanamke," nikajibu, haraka, na naapa sikuwa namjua mtu hata mmoja anayesafisha mikanda, mwanamume wala mwanamke. "Na hata mimi sitaziangalia, mama. Bahasha itafunguliwa mbele ya Zuhura na mbele yako."

Akanirudishia, akasema, "Kwa ajili ya mama yake aliye mbali, sawa. Wewe tu, na hiyo tu. Ni amana, Saumu."

Mimi na amana yangu tukarudi nyumbani vichwa juu.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe (siwezi kuusahau, nilikuwa nimekaa kitandani na pochi mapajani) ikanibidi nichague mkanda. Na hapa ndipo akili ya kusafisha vyumba iliponiangusha. Kazini, sabuni iliyokwisha funguliwa ndiyo inayotumika kwanza, iliyofungwa unaiweka. Nikautazama ule mkanda uchi wenye kiulimi nje, nikasema huu umeshafunguliwa, nianze nao, ule wa boksi niuhifadhi kwa Maulidi. Kiulimi kiliingia kwenye kamera kama kimeumbwa kwa ajili yake. Nikazungusha, krrr, namba ikasimama kwenye moja, nikalala usingizi wa mtu mwema.

Siku ya kupamba, nawaambieni, nilikuwa mkubwa kuliko bibi harusi. Udi unafuka, ngoma ya kina mama inalia, na mimi nimesimama katikati kamera shingoni, "Mama, sogea huku kwenye mwanga, wewe dada inua kidevu, hapana, msicheke wote pamoja." Wanawake wazima wananitii! Zuhura alipotolewa, vigelegele vikapaa, na mimi nikawasukuma watu kwa kiwiko nikapata nafasi ya mbele, jicho kwenye kidirisha, nabonyeza, nazungusha, nabonyeza, nazungusha. Bi Mwanaidi mwenyewe nilimweka kwenye kiti, nikamwambia akae kama malkia, akakaa.

Na kuna jambo ambalo likinijia usiku hunitoa jasho. Rafiki mmoja wa Zuhura alikuwa ameficha simu kwenye kanga. Akaitoa kidogo, akaninong'oneza, "Dada, moja tu, nimtumie mama yake sasa hivi, anangoja." Mimi nikaishika ile simu, nikaiinua juu kila mtu aione, nikasema kwa sauti, "Huyu hapa, ana simu!" Yule msichana akatamani ardhi immeze. Nikaipeleka mwenyewe kwenye beseni, nikaifunika leso, na Bi Mwanaidi akanitikisia kichwa kwa kuniridhia. Mama Riziki alikuwa ameketi Maskati na simu mkononi, anangoja, na mimi nikajiona nimelinda heshima.

Harusi ikapita. Nikakirudisha kile kimkanda ndani ya kopo lake kwa kuzungusha kile kijiti cha juu ya kamera mpaka nikasikia kimeachia, nikakitoa, nikaenda Ukunda kwenye studio moja ya zamani karibu na soko. Mzee wa pale nilimpa mkanda, akauweka kwenye kiganja, akauangalia kama mtu aliyeletewa barua ya marehemu.

"Binti yangu, huu umeutoa wapi?" akasema. "Mashine ya hivi tuliitoa miaka mingi iliyopita. Mahali ilipokaa ndipo pale napiga picha za paspoti. Mimi mkanda nilikuwa nausafisha gizani kwa mkono, lakini dawa zenyewe sasa sijui zinauzwa wapi. Watu waliacha, na sisi tukaacha."

Nikauliza duka jingine, wakanielekeza kwa jamaa anayeprinti picha za simu, yeye akadhani nimemletea betri. Wakati huo mama Riziki ananitumia ujumbe kila Ijumaa, kwa adabu, "Saumu mwanangu, bado?" na mimi namjibu, "Zinasafishwa, mama, mambo mazuri hayana haraka." Mwishowe nikampigia Shiro.

"Aki hiyo kamera bado iko!" akafurahi. "Tuma huku, kuna dem wa lab tunajuana, atakusafishia poa."

Mwanamke! Nikaona Mwenyezi Mungu amenisitiri uongo wangu. Nikautuma mkanda kwa basi. Baada ya wiki hivi, yule dada wa maabara akanipigia simu mwenyewe. "Zimetoka kali sana, siz, hiyo kazi ni ya kisanii! Nikutumie kwa WhatsApp uzione kwanza?"

Ningesema ndiyo. Neno moja, ndiyo, na leo nisingekuwa nafunika pua Msambweni. Lakini nilikwisha ahidi, na nilikwisha jivuna, kwa hiyo nikamjibu kwa sauti ya mtu mzito, "Hapana, dada. Karatasi tu. Na bahasha uifunge vizuri, asiione mtu."

Bahasha ikafika siku ambayo Zuhura alikuwa anawaalika wanawake wa pande zote mbili chakula cha mchana nyumbani kwa mkwewe. Nikaingia ndani na biriani inanukia, wamejaa kwenye mkeka, nikaiinua bahasha juu, nikasema, "Tazameni gundi yenyewe! Haijaguswa!" Wakapiga vigelegele. Zuhura akampigia mama yake simu ya video, akaisimamisha ikaegemea chupa ya chai, na uso wa mama Riziki ukatokea, amevaa mtandio mpya, amepaka wanja. Alikuwa amejipamba ili azione picha.

Nikachana bahasha. Nikampa Zuhura picha ya kwanza bila kuiangalia, kwa madaha, kama ninayegawa zawadi za shule.

Zuhura akaitazama. Akaigeuza juu chini. Akaniangalia mimi, kisha akaitazama tena, na tabasamu lake likabaki pale pale lakini macho yakaondoka.

"Dada Saumu," akasema polepole, "huyu kijana ni nani?"

Nikasogea. Ndiye Zuhura, amekaa kwenye kiti cha kupambwa, hina mikononi, macho chini. Na juu yake, kuanzia bega hata bega, amelala kijana kifua wazi, kaptula fupi, miwani ya jua, mikono nyuma ya kichwa, anatabasamu. Si kwamba amesimama nyuma. Wameingiana, unamuona yeye kupitia kwa bibi harusi na bibi harusi kupitia kwake, kitovu chake kimekaa kwenye kidevu cha Zuhura.

Nikachukua ya pili. Mama zangu wakubwa wanacheza, na kati yao wasichana wa mavazi ya kuogelea wanaruka mawimbi. Ya tatu, ya nne, zote. Ndipo nikauona ule mkanda uchi akilini na kiulimi chake, nikaelewa: ulikuwa umekwisha tumika. Shiro na wenzake waliupiga wote, wakaurudisha kwenye kopo lake, kiulimi wakakiacha nje, wakangoja kuusafisha, na mimi nikaenda nikaupiga juu yake mara ya pili. Wikendi yote ya pwani ya wale vijana imelala juu ya kupambwa kwa binti ya mama mdogo. (Baadaye Shiro aliniambia watu kule hufanya hivyo kwa makusudi. Yule wa maabara alidhani mimi ni fundi.)

Nikataka kuzirudisha kwenye bahasha lakini mikono imekwisha zipokonya, picha zinazunguka mkekani, na kimya kinazifuata nyuma. Shangazi mmoja wa bwana harusi, ajuza asiyeona vizuri, akaileta ya kwake karibu na jicho, akauliza kwa wema kabisa:

"Mwanaidi, hapa umebeba nini kichwani?"

Ilikuwa chupa ya bia. Kubwa, ya kijani, imesimama wima katikati ya kilemba cha mwalimu wa Kurani, aliyekaa kama malkia kwa amri yangu.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Na kama hilo halikutosha, bwana harusi akabisha hodi kuja kuchukua jagi la maji la wanaume, akaona picha karibu na mlango, akainama akaiokota kwa furaha, "Ndizo hizi?" Akaitazama.

"Nani huyu juu ya mke wangu?"

"Ni makosa ya mkanda," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya paka. "Hawakuwa pamoja. Naapa hawakuwa pamoja. Hawajuani." Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana kama ninayeficha kitu, mpaka Zuhura akaanza kulia, na bwana harusi akaiweka picha chini akatoka bila maji.

Katika zogo lile tulimsahau mmoja. Sauti ikatoka kwenye chupa ya chai: "Mbona mmenyamaza? Zimetokaje? Nionyesheni basi."

Wote wakanigeukia mimi. Nikaishika simu. Nikaigeuzia picha ile iliyo afadhali, ile ambayo juu ya Zuhura kuna mwavuli wa ufukweni tu na mguu wa mtu. Mama Riziki akasogeza uso, akafinya macho.

"Simuoni vizuri," akasema.

Nikamweleza yote, pale pale, mbele ya watu wote. Mkanda, boksi, kiulimi, uchoyo wangu. Na nikamwambia hakuna nyingine, simu zote zilikuwa kwenye beseni. Yule rafiki wa Zuhura alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwangu, anatazama sahani yake. Nilitamani anitukane.

Mama Riziki hakupandisha sauti. Alisema tu, "Basi, Saumu, wewe si ulikuwa mbele kabisa? Nieleze ulivyomuona. Alivaaje? Alipotolewa alifanyaje?"

Nikafungua mdomo. Na hapo ndipo aibu yenyewe ilipo, ndugu zangu, hayo mengine yote ni kicheko tu. Nilikuwa mbele kabisa, lakini jicho langu lilikuwa kwenye kidirisha cha plastiki kidogo kama ukucha, nasoma namba, nazungusha, nasukuma watu. Nikajaribu, "Alivaa... alipendeza sana, mama. Alikuwa na gauni la..." Rangi ikanikataa. Nilisimama pale na simu mkononi nikitafuta rangi ya gauni la mdogo wangu, na mama yake ananingoja.

Mkono ukanipokonya simu, taratibu. Bi Mwanaidi.

"Assalamu alaikum, dada yangu," akasema. "Ngoja nikueleze mimi. Gauni lilikuwa rangi ya komamanga lililoiva. Tulimtoa baada ya Alasiri, na kwanza tulimfunika leso usoni. Asumini zilikuwa mpya, zilikuwa bado hazijafunguka, na alipokaa zikaanza kufunguka kwa joto la shingo yake, harufu ikatujia sote. Nilipomfunua uso alikuwa anatetemeka mdomo wa chini, huu, na mara ya kwanza alipoinua macho hakututazama sisi. Alitazama mlangoni. Nikajua anakutafuta wewe."

Mama Riziki akajifunika uso kwa mtandio wake mpya. Zuhura akaenda akajilaza mapajani kwa mkwewe. Na mimi nikabaki nimesimama na bahasha tupu, hakuna aliyeniambia kaa wala ondoka, mpaka nikaondoka mwenyewe.

Baadaye nilirudi kuomba radhi, na Bi Mwanaidi alinisamehe kwa mdomo wake na akanipa kahawa. Picha walizichoma wenyewe nyuma ya nyumba. Bwana harusi sasa ananisalimia, lakini kwa neno moja. Yule rafiki wa Zuhura nilimwomba msamaha kwa simu, akasoma ujumbe, hakujibu, na sina haki ya kumlaumu.

Mkataba wa mama Riziki unakwisha mwakani, na Zuhura ameniambia ataniita twende pamoja uwanja wa ndege wa Mombasa kumpokea. Nitakwenda. Nimeapa sitachukua kamera, wala simu sitaitoa mkobani, hata wakinisihi. Nitasimama na mikono yangu mitupu nimtazame anavyotoka mpaka atakaponifikia, na akinifikia, sijui nitayaweka wapi macho yangu.